STARINGI HAFI? SOMO KUHUSU JAGINA WA FILAMU NA JAGINA WA MIGHANI

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Mwaka huu nimepewa nafasi niandike somo la fasihi simulizi, nami nimechagua kuandika juu ya filamu. Tafadhali msicheke. Mkinifuata hadi mwisho mtaona kwamba sikutoka nje ya silabasi.

Mambo yalianza muhula wa pili, chama chetu kilipofanya mjadala. Hoja ilikuwa hii: "Filamu za mapigano na za majagina zinawapotosha vijana." Mimi nilikuwa mpinzani mkuu, na nilikuwa nimejiandaa, bwana! Nilisema kwamba filamu hizi ni mighani ya siku hizi. Nikasema Superman ni ndugu yake Fumo Liyongo, na Black Panther ni binamu yake Lwanda Magere. Nikaongeza kwamba anayekataa filamu na akatae pia hadithi za nyanya yake. Watu wakapiga makofi, nikaketi nikijua ushindi ni wetu.

Ndipo msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza akainua mkono. Akasema kwa sauti ndogo: "Kaka, nina swali moja tu. Liyongo alikufa. Lwanda Magere alikufa. Kama filamu ni mighani, mbona nyinyi wavulana kila siku mnasema staringi hafi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka, na rafiki yangu aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na magongo yake hakucheka pia. Sikuwa na jibu. Tulishindwa kwa kura. Makala haya ndiyo jibu ambalo ningempa siku ile kama ningekuwa nalo.

1. STARINGI NI NANI?

Kwa wale wasiojua (nadhani ni walimu tu), staringi ni mhusika mkuu wa filamu ya mapigano. Neno lenyewe limetoka Kiingereza lakini mtaani limekwishapata uraia. Ukiingia kibanda cha video Jumamosi utakuta watoto wamebanana kwenye mabenchi, na hata aliye mdogo kabisa anaijua sheria ya mle ndani: staringi hafi. Akipigwa risasi mia moja, zote zinapita kando. Akianguka kutoka ghorofa ya kumi, anaangukia juu ya gari, anajipangusa vumbi na kuendelea na safari. Adui akimkamata, badala ya kummaliza anaanza kumhutubia kama mgeni wa heshima siku ya wazazi, mpaka staringi anapata wakati wa kujifungua kamba.

Kwa lugha ya darasani tunaita hiyo chuku. Chuku si dhambi, maana fasihi simulizi yetu imejaa chuku tele. Hata kibanda chenyewe kina fasihi simulizi ndani yake. Hapa Kenya tuna wasimulizi kama DJ Afro, ambao huchukua filamu ya kigeni na kuisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani, wakiongeza maelezo na vichekesho. Huyo ni nani kama si fanani? Na sisi tunaopiga kelele "Angalia nyuma yako!" ni nani kama si hadhira?

Kwa hiyo bado nasimama na hoja yangu ya kwanza kwamba filamu hizi zina undugu na mighani. Nilichokosea ni kusahau nusu ya mighani yenyewe.

2. SIFA ZA JAGINA WA MIGHANI

Wanaojiandaa kwa mtihani wa fasihi wazishike sifa hizi:

(a) Ana nguvu au uwezo usio wa kawaida.
(b) Anaitetea jamii yake, au anapambana na mtawala dhalimu.
(c) Ana siri ya udhaifu, mahali pamoja panapoweza kumwangusha.
(d) Siri hiyo hutolewa nje na mtu wa karibu, yaani kuna usaliti.
(e) Hufa, na kifo chake huacha alama katika jamii.

Tumtazame Fumo Liyongo wa pwani yetu ya kaskazini, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mashuhuri mwaka wa 1913. Liyongo alikuwa na nguvu mpaka mfalme wa Pate akamwogopa. Alifungwa gerezani, mama yake akampelekea mkate uliofichwa tupa ndani, akakata minyororo huku watu wakicheza ngoma nje. Hakuna silaha iliyomweza. Lakini alikuwa na siri: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, basi. Mfalme akamrubuni mwanawe Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana akamwuliza baba, na baba akajibu. Liyongo alijua huenda anauzwa, lakini aliyemwuliza alikuwa mtoto wake. Akachomwa akiwa usingizini. Inasimuliwa kwamba aliamka, akachukua upinde wake, akaenda kupiga goti kisimani na mshale mkononi, akafia pale pale. Watu waliogopa kuteka maji siku kadhaa, wakidhani yu hai.

Lwanda Magere wa Wajaluo naye mwili wake ulikuwa kama jiwe. Mikuki iligonga na kupinda. Maadui, ambao Wajaluo waliwaita Lang'o, wakampa binti yao amwoe. Siku moja Lwanda aliugua, akamwambia mkewe asichanje mwili wake bali achanje kivuli chake apake dawa. Kivuli kikatoa damu. Mke akatoroka kwenda kuwaambia watu wake, na katika vita vilivyofuata mkuki ukarushwa kwenye kivuli. Lwanda akaanguka, akageuka jiwe, na jiwe hilo huonyeshwa hadi leo katika nchi ya Kano.

Tazameni jambo hili. Hakuna anayekumbuka Liyongo aliua maadui wangapi. Tunakumbuka sindano. Hakuna anayejua Lwanda alishinda vita vingapi. Tunakumbuka kivuli. Hadithi yenyewe imekaa kwenye sifa (c) na (d) na (e). Ukiziondoa hizo tatu unabaki na mtu mwenye misuli tu.

Basi nikaamua kuzipima filamu nilizoziona kwa kipimo hiki. Nimezipa na alama juu ya kumi. Alama ni zangu. Anayezipinga aje na hoja, asije na mawe.

3. SUPERMAN: JAGINA ALIYEHITAJI SINDANO

Superman alianza mwaka wa 1938 katika gazeti la hadithi za picha huko Marekani. Walimbuni vijana wawili, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Anaruka, risasi hazimwingii, anainua magari. Raha sana, lakini kuna shida: mtu asiyeumia, utamwogopea nini? Taharuki itatoka wapi? Kwa hiyo miaka ya 1940 akabuniwa kriptoniti, jiwe linalotoka sayari yake mwenyewe ambalo humlegeza mpaka akaanguka. Kumbe Wamarekani nao waligundua kwamba jagina lazima awe na kitovu!

Filamu yake ya mwaka wa 2025, iliyoongozwa na James Gunn, inaanza na Superman akianguka kwenye theluji, mifupa imevunjika, damu mdomoni. Tunaambiwa kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kushindwa. Anapiga mluzi, mbwa wake anakuja kumkokota nyumbani. Rafiki zangu walilalamika: "Huyu Superman gani anapigwa hivi?" Mimi nilikaa vizuri kwenye kiti. Nilipomwona anahema kwa shida, nikaanza kumjali. Hata hivyo, mwishoni mambo yanakuwa mengi mno, majumba yanaporomoka kila upande mpaka mtu anachoka. Alama: saba.

4. AVENGERS: KIFO CHA KWELI NA KIFO CHA KUKOPA

Katika Avengers: Infinity War ya mwaka wa 2018, adui Thanos anapiga kidole, na nusu ya viumbe vyote hai inageuka vumbi. Majagina wanapukutika mmoja mmoja. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa mdogo na nililia waziwazi. Halafu katika Avengers: Endgame ya mwaka wa 2019, wale waliogeuka vumbi wakarudishwa. Nilifurahi, lakini furaha ile ilikuwa na ladha ya kudanganywa. Tangu hapo, mhusika akifa katika filamu hizo, watazamaji hawasemi tena "Maskini!" Wanasema "Atarudi sehemu ya pili." Hicho nakiita kifo cha kukopa.

Lakini Endgame ina kifo kingine. Tony Stark, yaani Iron Man, tulianza naye mwaka wa 2008 akiwa tajiri mwenye majivuno anayetengeneza silaha. Baada ya miaka kumi na mmoja anavaa yale mawe yenye nguvu, akijua mwili wake hauyawezi. Anawaangamiza maadui, kisha anaketi chini, nusu ya uso imeungua, na mkewe anamwambia apumzike. Hapo hakuna chuku. Sifa (e) imetimia, na ndiyo sababu watu wanaikumbuka filamu ile. Alama: nane.

5. BLACK PANTHER: STARINGI ALIPOKUFA KWELI

Black Panther ilitoka mwaka wa 2018 chini ya mwongozaji Ryan Coogler. Sisi Wakenya tuliipenda zaidi kwa sababu Lupita Nyong'o aliigiza humo kama Nakia. T'Challa, mfalme wa Wakanda, nguvu zake zinatokana na mmea maalum. Sheria ya nchi yake inasema kwamba akipingwa kiti chake lazima anywe dawa ya kumwondolea nguvu hizo, apigane kama mtu wa kawaida. Hapo ndipo Killmonger anamshinda na kumtupa kwenye maporomoko ya maji. Huo ni mghani safi kabisa.

Tarehe 28 Agosti 2020, Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alifariki dunia kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa ameambiwa ana ugonjwa huo mwaka wa 2016, na hakuutangaza. Ina maana kwamba wakati wote tulipokuwa tunapiga kelele "Wakanda milele!" na kukunja mikono kifuani, yeye alikuwa mgonjwa na anakwenda matibabu katikati ya kazi. Siri yake ilikuwa kubwa kuliko ya Liyongo.

Wenye filamu wangeweza kumtafuta mtu mwingine avae ile nguo nyeusi. Hawakufanya hivyo. Katika Wakanda Forever ya mwaka wa 2022, mambo yanaanza na dadake, Shuri, yuko maabarani anahangaika kutengeneza dawa. Shuri ni mwanasayansi hodari kuliko wote. Anashindwa. Mama anaingia na habari kwamba kaka amekwenda. Kisha watu wa Wakanda wanamzika wakiwa wamevaa nguo nyeupe. T'Challa hauawi na adui yeyote. Anauawa na ugonjwa, kama jirani yako au mjomba wako. Filamu inaendelea kwa saa nyingi na vita vya majini ambavyo sikuvipenda sana, lakini zile dakika za mwanzo zilinyamazisha kibanda kizima. Hakuna aliyesema staringi hafi. Alama: nane na nusu.

6. MAGARI YANAYORUKA

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Filamu za Fast & Furious zilianza mwaka wa 2001 na mashindano ya magari barabarani. Zilivyoendelea, magari yakaanza kuruka kutoka jengo hadi jengo, na katika ile ya tisa, ya mwaka wa 2021, wawili wao wanapanda angani na gari. Mwalimu wetu wa fizikia akiiona ataomba ruhusa ya kustaafu. Nikiwa mkweli, niliipenda. Lakini kwa kipimo chetu cha leo ina chuku bila kitovu. Alama: tatu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi hawalijui au wanalisahau. Paul Walker, aliyeigiza Brian katika filamu hizo, alifariki tarehe 30 Novemba 2013 huko California. Alikuwa abiria katika gari lililokuwa likienda kwa kasi, likagonga na kuwaka moto. Dereva wake naye akafa. Filamu ya saba ilikuwa haijakamilika. Ndugu zake wawili wakasimama mahali pake mbele ya kamera, na sura yake ikawekwa kwa kompyuta. Ilipotoka mwaka wa 2015, Brian hafi. Anaendesha gari jeupe, njia inagawanyika, naye anashika njia yake akienda zake. Hicho ni kinaya kikubwa kuliko chochote nilichosoma katika riwaya. Kwenye filamu staringi yu hai, na aliyeigiza amekufa ndani ya gari.

Nayasema haya kwa sababu muhula wa kwanza rafiki yangu alichukua pikipiki ya kaka yake, nami nikapanda nyuma. Hatukuwa na helmeti. Tulikuwa tunateremka ile njia ya murramu, naye akataka kupunguza mwendo. Mimi ndiye niliyempigia kelele sikioni: "Ongeza! Staringi hafi!" Akaongeza. Kwenye kona mbuzi akavuka. Sheria ya kwanza ya Newton, ambayo wengi wenu mmeikariri, inasema kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Pikipiki ilizuiwa na ukingo wa mtaro. Sisi hatukuzuiwa na chochote. Mimi nilipoteza jino na ngozi ya kiwiko. Yeye alivunjika mguu mahali pawili. Mama yake alinikuta hospitalini, akaniangalia, hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Basi siku ya mjadala, yule dada alipouliza swali lake, mimi nililisikia kwa namna nyingine. Rafiki yangu ameyasoma makala haya. Aliniambia nisiandike jina lake, lakini mbuzi nimwache.

Ili nisiwaonee watu wa mapigano, nitawasifu kwa jambo moja. Mwezi wa Agosti 2017, Tom Cruise alikuwa London akiigiza Mission: Impossible – Fallout. Aliruka kutoka paa moja hadi jingine, akagonga ukuta na kuvunjika kifundo cha mguu. Kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Picha ile ile ya kuvunjika imo ndani ya filamu iliyotoka mwaka wa 2018. Ukiangalia vizuri utamwona anachechemea. Mimi huisimamisha pale na kumwonyesha mdogo wangu: "Unaona? Hata huyu mfupa wake ni mfupa."

7. PUMZI: STARINGI WETU

Filamu ya mwisho ni fupi, haifiki hata dakika ishirini na tano, na wengi wenu hamjaiona. Inaitwa Pumzi, ya mwaka wa 2009, na mwongozaji wake ni Mkenya mwenzetu, Wanuri Kahiu. Mwaka wa 2010 ilionyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Ni filamu ya kubuni ya kisayansi inayotokea Afrika Mashariki ya siku zijazo, baada ya vita vya kugombea maji. Nje ni jangwa. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na maji ni ya kupimiwa. Hata jasho na mkojo husafishwa yanywewe tena. Asha anafanya kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe vilivyokwisha. Siku moja anapata udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu ndani yake, inachipuka. Wakubwa wanamkataza kutoka nje. Anatoroka.

Asha hana ngao wala hajui kupigana. Anatembea jangwani na mche mkononi na maji kidogo. Mwishowe anaupanda, anaumwagia maji yake ya mwisho, anaupa hata jasho lake, kisha anajilaza kando yake aukinge na jua. Hapo ndipo maisha yake yanapokwisha, na mti unakua.

Nilipoimaliza nilirudi kwenye orodha yangu. Udhaifu: kiu, ambayo kila mtu anayo. Kifo kinachoacha alama: upo, tena una majani. Nguvu zisizo za kawaida hana kabisa, na mimi simpunguzii alama kwa hilo. Alama: tisa na nusu. Hiyo nusu nimeizuia kwa sababu ilikwisha upesi.

8. HITIMISHO

Dada yangu wa Kidato cha Kwanza, jibu langu ni hili. Ulikuwa na haki. Filamu hizi zinafanana na mighani katika nguvu, lakini nyingi zinaogopa kifo cha jagina wao kwa sababu zinataka kuuza sehemu ya pili. Zile chache zisizoogopa ndizo zinazobaki moyoni. Kwa hiyo hoja ya mjadala ningeibadilisha kidogo: filamu hazitupotoshi tukizitazama kama nyanya zetu walivyotufundisha kusikiliza hadithi, tukimtafuta jagina kitovu chake. Tunapotea tunapotoka kibandani tukidhani sisi wenyewe hatuna kitovu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sifa tano za jagina wa mighani. Toa mfano mmoja kwa kila sifa kutoka kwa Liyongo au Lwanda Magere.
2. Chagua filamu moja uliyoitazama mwaka huu. Eleza udhaifu wa staringi wake. Kama hana, eleza jinsi jambo hilo linavyoathiri taharuki.
3. "Katika mighani, udhaifu wa jagina hufichuliwa na mtu anayempenda." Jadili.
4. Mwombe mzee wa nyumbani akusimulie mghani wa jamii yenu. Andika jinsi jagina wake alivyokufa, kisha ulete chamani muhula ujao.

Wenye pikipiki, vaeni helmeti.